Kompyuta Ndogo na Haki ya Picha Timamu
Yeyote awatakiaye heri watoto wa Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, hana budi kuushukuru usanifu wa prosesa uitwao RISC-V, uliozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na ambao kila mtengenezaji ana ruhusa ya kuutumia bila kulipa ada, hivyo kompyuta ndogo za kusomea zaweza kuuzwa kwa bei nafuu. Lakini takhfifu ya bei isitughuri: video ya somo hufika imebanwa, na kuifumbua kwa prosesa kuu peke yake huielemea mashine, picha ikakwama na betri ikaisha. Chipu ya JH7110 ya usanifu huo, iliyomo katika kompyuta ndogo ya VisionFive 2, ina sehemu mahususi ya kazi hiyo, ila programu isiyoitambua huiacha ikae bure. Basi, kabla ya kununua, tutake kuonyeshwa video ikicheza. Maana somo linalokatikakatika ni dhuluma kwa mwanafunzi.