Mgeni Njoo, Lakini Usibebe Sanduku Letu



Msimu wa harusi ndio msimu wa ndugu kurudi. Shangazi aliyestaafu uuguzi London, bibi aliyewafuata wanawe Toronto, wanafikia Kibaha au Kisarawe kwa jamaa, na hata hawajapumzika wanaambiwa: "Shangazi, twende Unguja tukanunue vitu vya sanduku." Boti ya asubuhi, Darajani mpaka alasiri, boti ya jioni kurudi Dar es Salaam. Safari hiyo ni nzuri, na sisi wa visiwani tunafurahi kuwapokea. Tunalolikataa ni kumgeuza mgeni huyo mchukuzi wa mizigo yetu.

Sisi raia tunapanda boti kwa kitambulisho tu. Yeye ana pasi ya nchi nyingine, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hata kama kitovu chake kimezikwa Maneromango, mbele ya afisa wa uhamiaji ni mgeni. Viza yake ya matembezi, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Wamarekani, inatosha Bara na Zanzibar. Hahitaji ya pili. Lakini pasi awe nayo hata kwa safari ya siku moja. Na tangu 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Kwa anayeishi kwa pensheni, hiyo si pesa ndogo. Ongeza na nauli, kisha jiulizeni kama vitu hivyo havipatikani Kariakoo.

Sasa tuje kwenye mzigo. Tunajua yanayofanyika. Shangazi anakwenda kununua doti mbili za kanga na udi wa mwari wake, anarudi na mabegi matano: seti za vyombo za mawifi, mapazia ya jirani, vitambaa vya duka la mtu. Tunaambizana, "Mpe shangazi, mzee kama yule hawamsumbui." Hapo ndipo tunapomkosea.

Zawadi na vitu vya matumizi ya mtu ni jambo moja. Mzigo wa biashara unaotoka Zanzibar kuingia Bara ni jambo jingine, na huulizwa ushuru. Raia akikamatwa nao atalipa, ataona haya, basi. Mgeni ana zaidi ya kupoteza, kwa sababu viza ya matembezi haimruhusu kufanya biashara. Anayetaka biashara hulipia viza yake, dola 250. Jina kwenye tiketi ni lake, pasi ni yake, na mabegi yako miguuni pake. Akiambiwa amevunja masharti, anaweza kufutiwa ruhusa ya kukaa nchini, na harusi aliyoijia asiione.

Wapo watakaosema tunakaza mambo, kwamba kubebeana ni undugu. Undugu tunaujua. Lakini viza ni ahadi kati ya mgeni na nchi iliyompokea, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi. Ndoa yenyewe ni ahadi. Tutaipambaje kwa vitu vilivyopitishwa kwa kumficha mtu nyuma ya mvi zake?

Kwa hiyo, kina mama wa Kibaha na Kisarawe, tufanye hivi. Shangazi abebe alichonunua mwenyewe, pamoja na risiti zake. Vya sanduku abebe raia anayevihitaji, avitaje forodhani na alipe kinachodaiwa. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti ya harusi kama inavyoingia ya hina na mpishi. Na vijana wanaojua mambo ya mtandao wawasaidie wazee hawa kufuatilia hadhi maalumu, ambayo sheria imeshaifungulia mlango kwa raia wa kigeni wenye asili ya Tanzania.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone kwa mgeni kuugua. Allah awarudishe wazee wetu salama, na awajaalie mabinti zetu ndoa zenye baraka. Amin.