Mama patron naye anahitaji mwenye kumuonyesha njia



Juma hili tuzungumze juu ya mama ambaye biashara yake imekwisha kukua. Ana depo, ana vijana wawili wa kumsaidia, watu wanamwita patron. Mbele ya vijana hawezi kusema kwamba hajui. Nyumbani akisema, ataambiwa aache. Basi anabaki peke yake na daftari lake, na mara nyingi daftari lenyewe halipo.

Mama huyo anahitaji mama mwingine aliyemtangulia katika kazi. Semina ni nzuri, na cheti kinapendeza ukutani, lakini semina haioni kwamba kila jioni unatoa makuta ya chakula ndani ya makuta ya unga. Aliyetangulia ataona. Atakuuliza: "Wewe mwenyewe unajilipa ngapi kwa mwezi?" Swali hilo linawashinda wengi wetu.

Atakuuliza pia juu ya dola. Tuseme umenunua mzigo kwa dola 100, dola ikiwa faranga 2.800. Umeuza wote kwa faranga 300.000, unafurahi: faida 20.000! Kurudi kununua, dola imefika 3.000. Faranga zako zote ni dola 100 zilezile. Umefanya kazi bure, na kama ulikwisha kula ile 20.000, umekula mtaji. Hakuna mwizi aliyeingia.

Tena kuna wamama walioolewa ambao bado wanaogopa kusaini mapatano bila ruhusa ya bwana. Sheria ya jamaa ya 1987 iliidai kweli. Ilirekebishwa mwaka 2016, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Aliyetangulia anayajua hayo, na atakuambia usome karatasi yote kabla ya kusaini.

Katika AVEC zetu tunajua kulinda makuta: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wamama watatu. Lakini ujuzi tunauacha kwa mtu mmoja, na akihama anauchukua wote.

Kwa maoni yangu, mwenye kukuongoza asiuze bidhaa kama zako katika soko lilelile. Wala asikukopeshe. Siku utakapochelewa kumlipa, utaanza kumficha daftari.

Katika mkutano ujao, mkimaliza kuhesabu makuta, kila kikundi kiandike majina mawili: mama mmoja aliye tayari kuongoza, na mmoja anayetaka kuongozwa. Wakutane mara moja kwa mwezi, daftari likiwa wazi mezani.