Mteja hayumo kikaoni, mtafiti ndiye sauti yake

Na Rehema Mwakio

Asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo vinavyoendeshwa vikao vingi vya kuamua sura ya huduma tunazotumia kila siku. Mtafiti aliyewahoji wateja huonyesha slaidi zilizojaa asilimia, wakubwa humshukuru, kisha huduma hutoka vilevile ilivyopangwa tangu mwanzo. Mama mboga aliyeacha wateja wake ili ajibu maswali amepotezewa muda bure.

Tunao mfano bora hapa nyumbani. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, Nairobi na Thika wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Nia ilikuwa kumwezesha mkopaji kulipa mkopo wake kwa simu. Wateja wakaigeuza huduma hiyo. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walikofika ili wasibebe noti njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa zao mashambani. Wafanyabiashara nao wakalipana kwa simu.

Wasimamizi wa mradi huo, Nick Hughes na Susie Lonie, waliyasimulia hayo katika makala yao ya 2007. Hawakuyachukulia kuwa matumizi mabaya ya mfumo. Mambo ya mikopo yakawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani.

Hapo ndipo penye somo kwa mtafiti. Kauli kwamba watumiaji wana mahitaji mbalimbali haimsukumi mkurugenzi yeyote. Mweleze kwamba msafiri anamwachia wakala pesa asubuhi na kuzitoa mji mwingine jioni, naye ataona mwenyewe biashara iliyojificha hapo. Kisha malizia kazi: taja kinachopaswa kubadilika, kitakachoachwa, na hasara ya kung'ang'ania mpango wa zamani.

Wakubwa nao wana wajibu. Kabla ya kuidhinisha bajeti ya utafiti, waseme ni uamuzi gani wako tayari kuubadilisha. Kama hakuna, wasiwasumbue wananchi. Na angalau mara moja waandamane na mtafiti hadi kwa wakala, wakae, watazame foleni.

Mtafiti, usiogope kupendekeza. Wewe ndiwe uliyemwona mteja akihangaika na simu yake. Ukinyamaza, wataamua ambao hawajawahi kumwona.