Baridi ya Hirbadaw na jiko la chumbani

Haya, wiki hii tuache kwanza habari za viatu na mapenzi. Nawapeleka Hirbadaw, kule Manyara, pande za Mbulu na Hanang, ambako mtoto wa Dar niliyezoea kulala na feni nusura nirudishwe kwenye sanduku.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana. Rafiki yangu alinialika kwa shangazi yake, nami nikaenda na fulana tatu na kijaketi cha kuuzia sura. Nikashuka Katesh na kuunga bodaboda. Njiani Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, ulikuwa umejifunika wingu kama mgonjwa wa homa. Jua lilipozama ndipo nikajua kwa nini wenyeji hawatembei bila shuka begani. Baridi ya huko si mchezo, ndugu yangu. Inapita kwenye soksi!

Shangazi ana nyumba nzuri ya matofali na bati, tena sebuleni kuna meko ya ukutani yenye bomba la moshi. Nikaona mambo ndiyo haya. Kumbe ni pambo tu. "Mwanangu, hilo ukiliwasha tunalia wote," akaniambia. "Moshi wote unarudi ndani." Alijengewa na kijana aliyejitambulisha kuwa fundi wa kila kitu, akalipwa hela yote siku ya kwanza, na tangu hapo simu yake haipokelewi.

Basi bwana, usiku shangazi akaniletea jiko la mkaa chumbani, mkaa mwekundu, hauna hata moshi. "Shikamoo na ahsante, shangazi," nikasema, nikafunga dirisha na mlango, nikajikunja. Raha mustarehe!

Kilichoniokoa ni haja ndogo. Niliamka kichwa kinagonga kama ngoma, kichefuchefu, miguu si yangu. Nikadhani ni malaria. Nilijikokota hadi mlangoni, nikaufungua na kuanguka nje kwenye nyasi zenye umande. Baada ya kuvuta hewa kwa muda, akili ikarudi kidogo kidogo. Asubuhi mganga wa zahanati hakutafuta maneno: "Ungelala saa mbili zaidi, tungekuwa tunachimba."

Sikilizeni vizuri hapa. Mkaa ukiungua chumba kikiwa kimefungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku wewe unaona usingizi mtamu. Ule mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya wengi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje haraka, kisha hospitali, hata kama anasema yuko safi.

Sasa hapo mkosaji ni nani? Si shangazi. Meko yangefanya kazi, jiko lisingeingia chumbani. Fundi kanjanja alichukua hela, nusura achukue na roho yangu.

Tukauliza majirani mpaka tukampata mzee mmoja mwashi. Nilimpenda kwa jambo moja: hakutaja bei. Kwanza aliuliza upepo unatoka wapi wakati wa usiku, akapanda juu, akapima, akatuonyesha. Bomba lilikuwa fupi kuliko kofia ya bati, kwa hiyo upepo ukipiga paa unasukuma moshi chini. Na ndani ya koo la bomba kulikuwa na saruji iliyomwagika ikaganda, nafasi imebaki ya kupita paka. Akarefusha bomba, akasafisha koo, akaacha tundu la kuingiza hewa chini ya ukuta. Kabla ya kuchukua hela ya mwisho akachoma nyasi mbichi mbele yetu. Moshi ukapanda juu wenyewe. Shangazi alipiga vigelegele.

Wewe wa Dar unacheka, unasema mimi nina AC. Haya, fundi wako anakuja kila baada ya miezi mitatu "kuongeza gesi", si ndiyo? Unaliwa, mshikaji! Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na fundi wa kweli hutafuta tundu na kuliziba kwanza. Pia atauliza ukubwa wa chumba kabla hajakuuzia mashine ya BTU 9,000 au 18,000.

Na wewe wa Arusha na Mbulu mjini unayetaka hita ya umeme, jua kwamba hita ya wati 2,000 inakula yuniti mbili za Luku kila saa. Usiku wa saa nane ni yuniti 16. Usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei chee, wala kwenye waya mwembamba wa taa. Muite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na usione haya kumwomba akuonyeshe.

Hata fundi wa mtaani asiye na shule usimdharau. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Lakini cheti peke yake hakitoshi. Omba kuona kazi mbili alizofanya, na uongee na wenye nyumba. Andikianeni bei ya vifaa mbali na ya ufundi. Vifaa nunua mwenyewe ukiweza. Hela ya ufundi lipa kwa awamu, na ile ya mwisho ibaki mfukoni mpaka kitu kiwake mbele ya macho yako. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Shangazi sasa analala sebuleni karibu na meko yake, jiko limerudi jikoni kupika makande. Mimi nimealikwa tena Julai. Nitakwenda, ila safari hii na sweta mbili.

Wiki ijayo Mungu akipenda, tutaongea kuhusu wenye nyumba wanaodai kodi ya mwaka mzima. Msinune!