Mafundi wa Mdomo Wamejaa Uani kwa Mwalimu

NDIMU YA JUMAMOSI, na Bi Ndimu

Wiki hii nimegundua kuwa mtaa wetu umejaa wahandisi. Sikujua. Mtaro umeziba tangu masika, taa ya njia panda ilishakufa tukaizika, na kumbe wahandisi wote hawa tunakaa nao!

Wamejitokeza kwa sababu Mwalimu ameamua kujenga kibanda uani kwake. Mwalimu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa somo la hisabati. Anataka chumba cha mbao, mita 3 kwa 4, aweke cherehani yake, na wajukuu wapate pa kusomea bila kelele za tamthilia. Hajaita fundi. Kanunua mbao za Mufindi zilizotiwa dawa, kaazima msumeno, kajifunga kanga kiunoni, kaanza.

Hapo ndipo wanaume walipomiminika. Shemeji yangu, yule wa kochi, wasomaji wa safu hii mnamjua, alitangulia. Kaweka mikono kiunoni, kashusha pumzi ndefu, kisha akatoa hukumu: "Mwalimu, tafuta fundi."

Kutoka hapo ikawa mashindano. Kijana mmoja wa bodaboda alifumba jicho, akatazama nguzo, akasema kona haijakaa. Mwalimu hakujibu. Alichukua futi, akapima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha akapima mshazari kutoka alama hadi alama. Mita 5 kamili. Kona imekaa. Hesabu hiyo aliifundisha darasani kwa miaka mingi, na huyo wa bodaboda alikuwa mwanafunzi wake. Nadhani siku ya somo hilo alikuwa na homa.

Mwingine akasema nguzo zitaliwa na mchwa. Zilishapakwa oili chafu na kusimamishwa juu ya bloku za zege, zisiguse udongo. Angeinama kidogo angeziona, lakini mhandisi wa mtaani kwetu hainami.

Halafu likaja suala la bati. Shemeji, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa dukani, akamwambia Mwalimu asichukue geji 28, achukue geji 32, "maana namba kubwa ndiyo chuma." Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa faida ya ambao hawajawahi kununua bati: namba ikipanda, unene unashuka. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Na anayetoa ushauri huo ndiye anayemwona Mwalimu hajui anachofanya.

Tena nyumba ya Shemeji ilijengwa na fundi, fundi wa kulipwa. Misumari ya bati kaipiga kwenye mabonde badala ya kwenye migongo, kila mvua maji yanafuata bonde, yanakuta tundu, yanashuka sebuleni. Ndiyo maana kochi analokalia ni langu. Fundi mwenyewe alichukua malipo ya awali, akaleta saidia fundi, kisha simu yake ikawa haipatikani. Ilipopatikana, alikuwa msibani. Mafundi maiko, yaani wababaishaji, wanazika sana, Mungu awape subira.

Ujinga mimi nausamehe, ningekuwa siusamehe ningeshakosa marafiki. Kilichonichoma ni kwamba katika kundi lote lile hakuna aliyeshika ncha ya pili ya ubao. Ubao mrefu ukishikwa na mtu mmoja lazima uyumbe. Ukayumba, nao wakagongana viwiko: "Unaona?" Nilikwenda kuushika mimi, na goti langu hili bovu.

Kuna Mmarekani aliyeitwa Henry David Thoreau. Mwaka 1845 alijijengea kibanda kando ya ziwa la Walden. Shoka la kuanzia kazi aliliazima. Gharama aliiandika hadi senti ya mwisho: dola 28 na senti 12 na nusu. Rafiki zake walipofika, walifika kumsaidia kusimamisha fremu. Dunia inamsifu mpaka leo. Angejenga uani kwetu, angekufa na presha kabla ya paa.

Lakini Marekani mbali. Nyumba za miti na udongo walimozaliwa wengi wetu, nani alikuwa fundi wake mwenye cheti? Huyu alikata miti, yule akafunga fito, wanawake wakachota maji, wakakanyaga udongo, wakakandika. Mwenye nyumba akapika, watu wakala. Hata jijini Dar es Salaam, miaka ya 1970, viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipopimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mwananchi alipewa kiwanja, barabara na maji, akaambiwa nyumba juu yako. Wajukuu zake leo hawajui kukaza komeo.

Sizungumzii ghorofa. Ghorofa tuwaachie wahandisi wa kweli, na waliozika ndugu zao ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Nazungumzia banda la mbao lenye dirisha moja.

Msiniambie tatizo ni simu wala vijana wa siku hizi. Ni aibu. Tulishakubaliana kimyakimya kwamba nyundo ni ya asiye na hela. Sasa mwanamke mwenye kiinua mgongo chake, mwenye uwezo wa kuita fundi, anaposhika nyundo kwa hiari, anatuvua nguo sote. Tusipomcheka, itabidi tujiulize mikono yetu ina kazi gani.

Jana papi zimegongelewa na bati limepanda, geji 28, misumari juu ya migongo. Leo asubuhi kijana wa bodaboda kaja kuuliza kama chumba kinapangishwa.

Basi nawaombeni. Ukipita kwenye ujenzi wa mtu, njoo na nyundo. Huna nyundo, njoo na chai. Huna chai, pita. Maoni niachieni mimi. Mimi angalau nalipwa kwa kazi hiyo, ingawa huwa nalipwa kwa kuchelewa.