Siku ya mwisho ya meli Challenger, na kobalti yetu ya Kolwezi

Tarehe 24 Mei 1876, meli ya Uingereza inayoitwa Challenger ilitia nanga Spithead, karibu na Portsmouth. Tangu Desemba 1872 ilikuwa inazunguka bahari za dunia pamoja na watafiti wa Charles Wyville Thomson, wakipima vina na kuvuta juu vitu vya chini kabisa. Kati ya vile vitu kulikuwa mawe meusi ya mviringo, mengine kama kiazi.

Mtu wa Kolwezi anaweza kuuliza: hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu juu ya lile jiwe. Ndani yake kuko manganizi, nikeli, shaba na kobalti.

Kwa mabaharia kazi iliisha siku ile. Kwa wenye kusoma mawe, ndipo ilianza. Ripoti nzima, vitabu 50, ilimalizika 1895. Kitabu cha mawe na udongo wa bahari kilitoka 1891, kimeandikwa na John Murray pamoja na Mbelgiji mmoja, Alphonse Renard. Mwaka ule ule, kwetu hapa, Mwami Msiri aliuawa Bunkeya na msafara wa Leopold, na 1892 Mbelgiji mwingine, Jules Cornet, alikuwa anachunguza miamba ya Katanga. Shaba yetu ilianza kuyeyushwa na kompani 1911. Jiwe la bahari lilingoja mpaka 1965, Mmarekani John Mero alipoandika kama ile ni mali.

Zaire na Zambia zilielewa mapema. Katika mazungumzo ya sheria ya bahari, yaliyoisha 1982, zilidai uchimbaji wa bahari uwekewe kipimo. Kipimo kiliwekwa, halafu makubaliano ya 1994 yakakiondoa. Kilichobaki ni ahadi ya kusaidia nchi ambazo mapato yao yatashuka.

Sasa angalia mwaka wa 2025. Februari, Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje. Oktoba ikafungua kwa kipimo, tani 96 600 kwa mwaka wa 2026. Katikati, Aprili, Rais Trump aliweka sahihi amri ya kuharakisha uchimbaji wa bahari, na kompani ya Canada, The Metals Company, ikaomba ruhusa Washington, pembeni ya Mamlaka ya Kimataifa iliyo Kingston, Jamaika.

Bei ikipanda, creuseur wa Kasulo anapumua. Ikipanda sana, jiwe la bahari nalo linaanza kulipa, na viwanda vya China vinazidi kutengeneza batiri za chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Mimi naona hizo batiri ndizo hatari ya karibu: magari yake yanatembea tayari, wakati kuvuta mawe toka mita 4 000 chini ya maji bado ni majaribio.

Hata hivyo, kule Kingston Kongo ni mwanachama. Nani anatuongelea pale, na anabeba hesabu gani ya Lualaba? Wabunge wetu wanaweza kuuliza hilo Kinshasa kwa maandishi. Jibu likifika, tutalisoma hapa redioni.