Kukimbiza Mario: Usibonyeze Riseti Mapema

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu Super Mario Bros., ule mchezo wa Nintendo uliotoka Japani mwaka 1985. Kuna watu kote duniani wanaoshindana kuumaliza kwa kasi. Mchezaji anayejiita Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, mwaka 2021. Septemba 2023 akafikisha 4:54.631. Mimi niko 5:38, na ninashuka polepole.

Wengi hudhani siri ni vidole vyepesi vya kuzaliwa navyo. Mimi nasema siri ni kupima, na pia kumaliza ulichoanza.

Tuanze na kupima. Mchezo huu huchora takriban fremu 60 kwa sekunde. Ukimaliza hatua, hauvuki papo hapo kwenda hatua inayofuata. Programu husubiri kihesabio kinachofika mwisho kila baada ya fremu 21, yaani kama sekunde 0.35. Fikiria feri ya Likoni. Ukifika mapema ukakaa, au ukifika mbio mlango ukifungwa, mnavuka pamoja. Ukichelewa hatua moja tu, unangoja nyingine. Kwa hiyo unaweza kuokoa fremu 10 katika 1-1 na usipate chochote! Ni hatua ya mwisho tu, 8-4, isiyo na feri: saa husimama Mario anapogusa shoka, na kila fremu ina thamani.

Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Unaweza kukesha ukiharakisha msimbo ambao haukuwa unamchelewesha mtu. Kwanza pima, ndipo ukate.

Sasa hesabu ya pili. Njia ya haraka hupita hatua 8 tu, kwa sababu mabomba ya siri katika 1-2 na 4-2 yanakurusha hadi dunia ya 4 na ya 8. Hatua 5 kati ya hizo huishia kwenye nguzo ya bendera. Kuna hila ya kuishika nguzo hivi kwamba bendera haishuki, nawe unaokoa feri moja. Hila 5 ni kama sekunde 1.75. Si haba. Lakini tuseme unaipata hila mara moja kwa kila majaribio mawili, na kila ukiikosa unabonyeza riseti. Utazipita nguzo zote mara 1 katika kila mianzo 32!

Jirani yangu mmoja, kijana mwepesi kunishinda, alicheza hivyo. 1-1 aliijua kama njia ya kwenda kwao, lakini 8-4 alikuwa ameifikia mara chache mno. Kila alipofika, mikono ilitetemeka, akaingia bomba lisilofaa na kurudishwa nyuma, au akafa. Dunia ya 8 haina kituo cha katikati, ukifa unaanza hatua upya, na hapo unapoteza zaidi ya nguzo zote 5 pamoja. Baada ya wiki kadhaa aliacha, akisema hana kipaji. Kipaji alikuwa nacho, mazoezi ya mwisho wa safari ndiyo aliyokosa.

Mtaniambia, "Mbona mabingwa wanariseti?" Kweli, wanariseti. Lakini wao 8-4 wameizoea, na wanapigania sehemu za sekunde. Usiige riseti yao kabla ya kuiga mazoezi yao.

Mimi nafanya hivi. Jumatatu hadi Ijumaa nafanya mazoezi ya kipande kimoja kwenye tarakilishi kuukuu, kwa programu ya kuigiza mashine ya Nintendo. Nahifadhi mchezo palepale panaponisumbua, napajaribu mara 20, kisha nalala. Jumamosi nacheza mchezo mzima, bila kurudia kwenye hifadhi yoyote, na riseti ni mwiko hata nikianguka 1-1. Muda wa kila hatua naandika kwenye daftari. Daftari limenionyesha kwamba sekunde zangu nyingi ziko 8-3 na 8-4, wala si kwenye nguzo. Hila za nguzo nitazirudia nitakapoweza kumaliza mara 8 kati ya 10.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa tunaitafuta haraka yenyewe, lakini nayo hujengwa polepole.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kuanza, maliza mchezo mara 10 kabla hujajifunza hila yoyote. Andika muda wako, kisha uniambie ulipotelea wapi. Nadhani hautakuwa 1-1. Tuonane wiki ijayo, tukijaliwa.